Waezekaji Wawili wa Kijiji Kimoja

Vijana wangu wa Yeoville na Berea, wengi wenu mmezaliwa ghorofani. Paa lenu ni sakafu ya jirani wa juu, na mvua ikinyesha mnaijua kwa kumwona mwenzenu anaingia amelowa. Ndiyo maana Jumapili ile baada ya ibada mliponiuliza nilifanya kazi gani, nikawaambia nilikuwa naezeka nyumba kwa nyasi, hapa hapa Johannesburg, nikaona mnatazamana. Mmoja wenu akasema, "Eish, Gogo, nyasi?" Huku gogo ni bibi; kwetu Morogoro gogo ni mti ulioanguka, lakini nimekwisha kuzoea.

Ndiyo, nyasi. Siku mkipanda teksi kwenda vitongoji vya kaskazini, chungulieni juu ya zile kuta ndefu. Mtaona nyumba kubwa kubwa zimevaa nyasi kichwani, na kando ya bwawa la kuogelea kuna banda la kuchomea nyama, nalo limeezekwa vilevile. Huku mtu akipata uwezo hurudi kwenye nyasi. Kwetu mtu akipata uwezo huzikimbia, anakwenda kwenye bati. Mimi nimezikuta pande zote mbili, na nyasi hazijali nani yuko chini yake. Zinajali kitu kimoja tu: mwinamo wa paa. Paa lililolala huoza, paa lililosimama huishi. Ukikumbuka hilo tu umekwisha kujua robo ya kazi.

Nilikuja nchi hii na mume wangu Sipho, aliyekuwa mkimbizi kwetu wakati wa mapambano, tukaoana huko, na nchi yake ilipofunguka tukarudi naye. Yeye alipata kazi ya udereva. Mimi sikuwa na Kizulu, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Jirani akaniambia kuna uwanja nyuma ya Newtown ambako malori hushusha nyasi kutoka mashambani, na wanawake huzichana na kuzifunga. Nikaenda. Kuchana nyasi si kazi ya kujifunza: unapiga mganda kwenye ubao wenye misumari, majani na takataka zinatoka, yanabaki mabua matupu, safi kama njiti za fagio. Ila mavumbi yake! Jioni ukipenga kamasi unaona shamba zima.

Mwenye kazi alikuwa Mwingereza mmoja mrefu, mkimya, mwenye mikono kama mizizi ya muhogo. Jina lake Walter. Wote pale walimwita Mkhulu, yaani babu. Mimi nilimwita Mzee Walter. Siku moja mwezekaji wake mmoja hakutokea, naye akauliza kama kuna anayejua kuezeka. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia kwetu Uluguru nilikuwa nimemsaidia mama yangu kuezeka jiko, mara nyingi. Akanipa upande mmoja wa banda dogo, akaniacha. Nikaezeka kwa haraka na kwa maringo, kama nilivyofundishwa nyumbani, ncha za nyasi zikiangalia chini.

Alipokuja aliizunguka kazi yangu. Akaniomba niingie ndani ya banda nitazame juu. Nikaingia. Yeye akapanda ngazi na ndoo ya maji, akaimwaga yote juu ya kazi yangu. Nilitoka pale kama nimebatizwa. Wale wanawake wa uwanjani walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee Walter akanipa taulo, akasema, "Jiko la mama yako lina moshi. Moshi hukausha. Hapa hakuna moshi, kwa hiyo shina chini, ncha juu, na kaza."

Tangu siku ile nikawa mwezekaji wake.

Nawaambieni mambo machache ya kazi, maana huenda mmoja wenu akayahitaji. Nyasi hukatwa majira ya baridi, baada ya umande kuganda na kuziua. Zikikatwa mbichi huoza kabla hazijazeeka. Chukua bua, likunje kwenye kidole gumba: likivunjika kwa sauti, kataa lori zima. Mganda wa kwanza wa upenuni ndio mkubwa kuliko yote, kwa sababu huo ndio unaobeba mingine. Unashona kwa sindano ndefu ya chuma na kamba iliyopakwa lami, mmoja juu, mmoja ndani, na yule wa ndani anapaswa kuwa mtu usiyegombana naye. Kisha unagonga mashina kwa kibao chenye mpini, kutoka chini kwenda juu, mpaka yakae sawasawa na kubana. Nyasi hazizuii maji. Zinayapokezana, bua kwa bua, mpaka yadondoke nje. Paa jema likinyeshewa usiku kucha, ukiingiza kidole unakuta maji yameishia kwenye ukucha.

Mtu wangu wa ndani alikuwa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, mnene, mcheshi, fundi hasa. Yeye aliniita Mama tangu siku ya kwanza ingawa tulilingana umri. Nilipovuta kamba kwa nguvu alikuwa akipiga kelele kutoka chini ya nyasi, "Mama, pole pole, hii si ng'ombe!"

Saa ya chai Mzee Walter alikuwa akizungumza, na alizungumza kitu kimoja tu: kijiji chake. Sikuwahi kufika Uingereza, lakini kile kijiji naweza kuwatembeza hata leo. Ukiingia kwa njia ya mtoni unamkuta msusi wa vikapu, fito zake zimelowekwa kwenye maji zisivunjike. Mbele yake kinu cha maji cha kusagia ngano. Kisha mhunzi, halafu fundi wa magurudumu ya mikokoteni, na hao wawili walijenga jirani kwa makusudi, maana gurudumu la mbao linahitaji pete ya chuma, nayo huvishwa ikiwa ya moto na kumwagiwa maji palepale. Fundi yule wa magurudumu ndiye pia aliyetengeneza majeneza. Wanawake walishona glavu za ngozi majumbani, wamekaa madirishani wapate mwanga. Na baba yake Walter alikuwa mwezekaji, kama babu yake. Huko wao huezeka kwa mabua marefu ya ngano.

Nilimwambia, "Mzee, hiki ni kijiji chetu. Ukiondoa kinu, ukaongeza wafinyanzi na wasusi wa mikeka, hiki ni Uluguru." Hakuamini. Alidhani Ulaya peke yake ndiyo ilikuwa na mhunzi.

"Sasa kimebaki nini?" Ilunga alimwuliza siku moja, kupitia kwangu.

"Nyumba," alisema. "Nyumba nzuri sana. Watu wanakuja kuzipiga picha."

Trekta lilikuja, mhunzi akakosa farasi wa kuvisha viatu, akageuka mtengeneza mageti. Fundi wa magurudumu akabaki na majeneza tu. Ikaja mashine ya kuvuna inayokata na kupura ngano kwa pamoja, ikawa inasaga mabua vipande vipande, na mbegu mpya zikawa fupi, hazina urefu wa kuezekea. Watu wakaanza kuweka vigae. Walter alikuwa kijana, akasikia Afrika Kusini kuna nyasi mpaka upeo wa macho. Akaondoka. Nyuma aliwaacha baba yake na mdogo wake, Tom.

Jina hilo la Tom tulilisikia mara moja tu katika miaka yote ile, na lilitoka na hasira. Walter alikwenda kumzika baba yao. Baada ya mazishi waombolezaji walikwenda kwenye baa ya kijiji. Akaketi, akainua macho, akaona ukutani, juu ya meza ya watu wanaokula samaki, kibao cha baba yake. Na sindano zake. Na kisu chake cha kukatia mabua. Vimepakwa vanishi, vimepigiliwa misumari kuwa pambo. Tom alikuwa ameviuza. Walter akasimama, akatoka, akapanda ndege. Hakusema na ndugu yake tena.

"Kibao kile kilikuwa na alama ya gumba la baba," alituambia. "Ubao ulikuwa umebonyea kwa miaka ya kushikwa." Akamwaga chai yake chini, akarudi ngazini.

Miaka ikapita. Mavumbi yale niliyowaambia, yeye aliyavuta maisha yake yote, hapa na kwao. Akaanza kukohoa, kwanza asubuhi, kisha mchana kutwa. Daktari akamwambia asipande ngazi tena na asiishi peke yake. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikaa chumba kimoja na jiko, na nilipompelekea chakula nilikuta cha jana yake hajakigusa. Nilimwuliza kila siku, "Mzee, una ndugu?" naye akinijibu, "Nilikuwa naye." Mwishowe nikamwambia, kwetu mtu haugui hivi bila ndugu kujua, ukifa nitawaeleza nini watu? Akanipa namba ya simu. "Piga wewe. Mimi sina la kumwambia."

Nikapiga. Sauti ya mzee ikaitika. Nikajitambulisha: mimi ni Sabina, nafanya kazi na kaka yako, anaumwa. 

"Anakohoa?" akauliza.

"Sana."

"Kama baba," akasema. Na wiki chache baadaye akaja.

Ilikuwa wakati mbaya kwetu. Tulikuwa tumechukua kazi ya shule ya chekechea upande wa Observatory, si mbali na Yeoville. Ukumbi wao wa zamani ulikuwa wa nyasi zilizochoka. Maji yalikuwa yakidondoka juu ya vitanda vya watoto wakilala mchana. Tukaezua zote, tukabaki na mifupa: kombamoyo, ile miti ya kubebea paa, na fito. Lori la nyasi likachelewa. Na ninyi mnaijua Johannesburg ikianza mvua zake: mchana jua kali, alasiri mbingu inageuka rangi ya chungu, na mvua ya mawe inashuka kama mtu anamwaga kokoto. Watoto walikuwa wakilala barazani. Mwalimu wao kila asubuhi alitazama juu, kisha akanitazama mimi.

Nyasi zilipofika tulikwenda mbio. Shida ilikuwa mahali pamoja: bonde la paa, pale mapaa mawili yanapokutana na maji yote yanakimbilia. Pale nyasi hazinyooki, zinapindwa polepole kama mkono wa kanzu. Kila nyumba tuliyoezeka, bonde alilifanya Mzee Walter mwenyewe. Sasa alikuwa kwenye kiti uani, blanketi magotini, ananielekeza kwa kupiga kelele, na kila akipiga kelele kikohozi kinamkamata. Nilishona, nikafumua. Nikashona, nikafumua. Ilunga akasema kutoka ndani, "Mama, hii nafasi iko mubaya. Naona mbingu."

Siku hiyo ndiyo Tom aliletwa pale kutoka uwanja wa ndege. Mfupi, mzima wa afya, amevaa koti la mvua kwenye jua. Alisimama mbele ya kiti cha kaka yake. Hawakushikana mikono. Walter akamtazama, akarudisha macho kwangu juu, akaendelea: "Kushoto! Nene zaidi kushoto!"

Tom akainua kichwa, akatazama kwa muda. Akasema, "Baba hakufanya hivyo."

Nikaacha kushona.

"Wewe unajua nini kuhusu alivyofanya baba?" Walter akasema. "Wewe uliyetundika kazi yake ukutani kwa walevi."

"Nilijua utaanza na hapo."

"Hakuna pengine pa kuanzia."

Tom akavua koti lake, akalikunja taratibu, kama mtu anayejizuia. "Wewe ulituma kadi za Krismasi," akasema. "Zenye twiga. Baba alizipanga juu ya meko. Mabua hayakuwepo, Walter. Hakukuwa na paa la kuezeka kijiji kizima. Mimi nikaendesha basi, na usiku nikamgeuza baba kitandani asipate vidonda. Majira yale ya baridi mto uliganda. Niliuza vile vifaa nikanunua makaa ya mawe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niviuze."

 Mkono wa Walter ulikuwa umeshika blanketi.

"Kabla ya kuja nilikwenda pale baa," Tom akaendelea, sauti imeshuka. "Nikamwomba mwenye baa anipe kibao. Nikamwambia nitampa chochote. Amekataa; wateja wanakipenda. Kwa hiyo nimekuja mikono mitupu. Ndivyo hivyo."

 Nilisikia watoto wakiimba barazani. Kisha Walter akauliza, taratibu sana, "Alikuwa anasikia baridi?"

"Mpaka mwisho."

Mzee yule akaangalia chini. Mimi nilimjua miaka mingi, nimemwona akijitoboa kiganja kwa sindano bila kukunja uso. Siku ile machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Tom akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa kando yake. Walikaa hivyo. Ilunga akatoa kichwa kwenye fito kutazama kwa nini kamba haivutwi, akaona, akarudi ndani.

Baadaye Walter akapenga kamasi, akasema, "Basi alifanyaje? Bonde."

"Alianzia katikati. Si pembeni. Katikati, halafu akafungua kama kitabu."

"Ndiyo," Walter akasema, kana kwamba anaamshwa. "Ndiyo, kweli. Sabina, mpe kibao."

Nikateremka, nikampa Tom kibao changu. Alikuwa hajashika kibao tangu ujana wake. Alikipima uzito, akakigeuza, akakishika tena. Nilitaka kumkataza asipande, maana alikuwa mzee, lakini Ilunga alikwisha kutoka ndani, akasimama nyuma ya ngazi. Akamwambia kwa Kiswahili chake, nami nikafasiri: "Papa, panda. Mimi niko nyuma. Ukianguka, unaanguka juu yangu, na mimi niko munene."

Tom akapanda. Mganda wa kwanza ulimponyoka. Wa pili ukakaa. Alianzia katikati, akaupinda mmoja huku, mmoja huku, akagonga, na lile bonde nililolihangaikia siku nzima likaanza kufunguka mbele yangu. Akafanya safu moja tu, jasho likimtoka, akashuka na kunirudishia kibao. "Zilizobaki ni zako," akasema. "Mimi ni dereva wa basi." Nikapanda nikamalizia, nao wawili chini wakibishana kila mganda: huu mnene zaidi, huu acha, wewe ulikuwa mbishi hivi hivi tangu utotoni. Ilunga akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wamepatana.

Dhoruba ilikuja tulipokwisha kukata upenu. Mawe yalishuka makubwa, yakachana majani ya miti, yakapiga magari mpaka yakalia ving'ora. Tuliingia wote ukumbini: watoto wameziba masikio, mwalimu wao, Ilunga, mimi, na wale wazee wawili wamesimama chini ya bonde hasa, vichwa vimeinuliwa. Chini ya nyasi mvua ya mawe haigongi kama kwenye bati; inasikika kama watu wengi wanatembea juu ya mkeka. Tukangoja. Watoto wakaanza kuondoa mikono masikioni. Sakafu ikabaki kavu.

"Baba angeona kosa," Walter akasema.

"Angeona mawili," Tom akajibu. "Ila angenyamaza mpaka tumalize chai."

Wakacheka, na Walter akakohoa, na Tom akampiga piga mgongoni mpaka kikohozi kikatulia.

Walirudi pamoja kijijini kwao, Uingereza. Nisiwadanganye, niliumia. Nilikuwa nimempigia simu Tom aje kumtunza kaka yake, sikuwa nimemwita aje kumchukua. Uwanja wa ndege nilimwambia Walter, "Na sisi je?" Akasema, "Ninyi mna kazi Jumatatu." Ndivyo alivyokuwa. Lakini alinishika mkono muda mrefu, na Ilunga akamkumbatia mpaka miguu yake ikaachana na sakafu. Tuliendelea, Ilunga na mimi, mapaa mengi, mpaka magoti yangu yakakataa ngazi.

Walter alinipigia simu kila Jumapili. Kule makanisa ya zamani yana lango la kuingilia makaburini, lenye kipaa chake kidogo. Jeneza likiletwa huwekwa chini yake kumsubiri padri. Kipaa cha kwao kilikuwa kimeoza, wanakijiji wanataka kuweka vigae. Tom akawakatalia. Akampata mkulima anayepanda bado ile ngano ya kizamani, ndefu, na ndugu wawili wakaanza: Walter chini anachana mabua, Tom juu ya ngazi fupi. Watu walisimama kutazama, kisha wakaanza kuleta chai, kisha wakaanza kuuliza. Siku moja Walter akaniuliza mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Hapa pembeni, Sabina, wewe ungefanyaje?" Nikamwambia. Akasema, "Hm." Wiki iliyofuata akasema wamefanya nilivyosema.

Majira yao ya baridi yalipoingia, aliyepiga simu alikuwa Tom. Niliijua habari kabla hajaitamka. Aliniambia Walter alifariki usingizini, nyumba ina joto. Aliniambia wanakijiji walijaa. Padri alikuwa amechelewa kidogo, njia ilikuwa mbaya, kwa hiyo walimweka pale langoni, wakasimama naye.

"Ilikuwa inanyesha," Tom akasema. "Mvua yetu ile, ya pembeni, yenye upepo." Nikamsikia akipenga kamasi. "Hakulowa, Sabina."